Uzi: Kuusoma ukoloni wa Mombasa kwenye mawe, nje, kuanzia Ngome ya Yesu hadi Kengeleni

MwalimuKisauni
Wakuu, salaam. Nina wanafunzi thelathini wa kidato cha pili na asubuhi moja ya Jumamosi. Mada ni ukoloni pwani. Vibao vya ukumbini wanaweza kuvisoma siku yoyote. Siku hiyo nataka wauone ukoloni kwenye kuta, mitaro na mizinga, chini ya jua. Tuanzie wapi, tutazame nini, na ni kitu gani kinachowapoteza wengi?

NdiaKuu
Mwalimu, karibu. Anzia nje ya lango, usiwaingize kwanza. Kinachowapoteza wengi ni ile sentensi ya "ngome ilijengwa na Wareno", halafu basi. Si uongo. Ilizinduliwa tarehe 11 Aprili 1593, mchoro ni wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa msanifu mkuu wa Wareno huko India, na kufikia 1596 kuta zilikuwa zimesimama. Ila kati ya 1631 na 1875 ngome ile ilibadilisha mikono mara tisa, na kila aliyeingia aliukuta ukuta wa mwenzake akaongeza wake juu.

Kwa hiyo usomeni ukuta kutoka chini kwenda juu. Wapelekeni upande wa bara, penye handaki. Kule chini kabisa si ukuta: ni mwamba wa matumbawe wenyewe, umechongwa ukabaki wima. Handaki halikujengwa, lilikatwa ndani ya mwamba huohuo. Juu yake unaanza uashi wa Wareno, mawe ya matumbawe na chokaa, uso wake umelala kidogo kuelekea ndani. Juu zaidi ndipo utaona ukuta mwembamba ulio wima wenye matundu membamba. Huo wa juu ni wa baada ya Wareno.

Matundu yenyewe yanajieleza. Pengo pana, linalopanuka kuelekea nje, ni la mzinga. Tundu jembamba la urefu wa kusimama ni la bunduki. Mwanafunzi akishika tofauti hiyo moja, nusu ya kazi imekwisha.

Kibokoni_07
Na ile minara midogo ya pembeni? Hiyo si ndiyo alama ya Wareno hasa?

NdiaKuu
Hapana, ndugu, na kosa hilo lipo hata kwenye maelezo ya watembezaji. Minara ile na kuta zilizopandishwa ni kazi ya zama za Waomani na Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa. Alama ya Mreno ni ramani ya jengo, wala si mapambo yake ya juu: buruji nne zilizochongoka, yaani pembe za ngome zinazotokeza nje, São Filipe na São Alberto upande wa bara, São Mateus na São Matias upande wa bahari, na sehemu ya mraba inayotokeza baharini katikati ya hizo mbili za mwisho. Ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala, kichwa baharini.

Mwalimu, hapo kuna zoezi zuri. Msimamishe mwanafunzi mmoja juu, pembeni ya buruji moja, penye njia inayoruhusiwa kupita wageni, na mwingine awe chini karibu na ukuta unaoelekea buruji ya pili. Wa juu amwone wa chini. Kisha wa chini atembee akitafuta mahali pa kujificha ukutani. Ndipo wataelewa kwa nini buruji zina pembe: mlinzi wa buruji moja anaukinga mguu wa ukuta wa jirani yake. Mnara wa duara huacha sehemu isiyoonekana mbele yake. Pembe za Cairati haziachi. Hesabu ile ilikuja na baruti na mizinga kutoka Italia, ikapita Goa, makao makuu ya Wareno huko India, ikafika Mvita.

MwashiWaChokaa
Niongeze upande wa uashi, maana hapo ndipo watu hutazama bila kuona.

Jiwe lenyewe ni la aina mbili. Moja ni tumbawe gumu la nchi kavu, lenye vishimo na maganda ya konokono yaliyogeuka jiwe. Hilo ndilo lililojaza kuta. La pili ni tumbawe linalotolewa baharini likiwa bichi na laini. Hilo hukatwa kwa shoka dogo likiwa bado na maji, likikauka hugumu. Fundi hulitumia penye kingo safi: miimo ya milango, mihirabu, nakshi. Ukiona ukingo mkali uliochongwa vizuri, gusa kwa macho tu, ni laini kuliko unavyodhani.

Kiungo ni chokaa. Matumbawe hupangwa juu ya lundo la kuni, moto unafika kama nyuzi 900 za selsiasi, jiwe linapoteza karibu asilimia 44 ya uzito wake kwa hewa inayotoka. Halafu huzimwa kwa maji na kuachwa. Chokaa iliyokaa wiki kadhaa au miezi chini ya maji hushika vizuri zaidi. Iliyotumika mbichi hupasuka, maana chembe ambazo hazijazimika huvimba ndani ya lipu. Kiasi cha kawaida cha kujengea ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga uwe umeoshwa chumvi.

Sasa kosa ambalo wanafunzi wanaweza kuliona kwa macho yao katika majengo ya kale ya pwani nzima: kiraka cha saruji. Saruji ni ngumu na haipumui. Tumbawe limejaa matundu, linafyonza maji ya mvua na unyevu wa bahari, na maji hayo lazima yatoke mahali. Yakizuiwa na saruji, yatatokea kwenye jiwe lililo kandoni mwake, na chumvi itaganda na kuvimba ndani ya vitundu. Matokeo yake ni kiraka cha kijivu kilichobaki kizima huku jiwe linalokizunguka limelika na kuingia ndani sentimita kadhaa. Waambie watafute umbo hilo: kiraka kimetokeza, jiwe limerudi nyuma. Si jiwe bovu, ni dawa mbaya.

Jambo la pili ni mizizi. Mtini ukiota kwenye ufa usiung'oe. Mzizi umeshakuwa sehemu ya ukuta, ukiuvuta unashuka na mawe. Hukatwa shina, kisiki kikauliwa, ufa ukajazwa chokaa baadaye. Na kazi hiyo ni ya wahifadhi wenyewe.

PwaNaJaa
Mwalimu, usisahau jua na maji, maana vyote viwili vinaamua mtaona nini.

Ukuta hausomeki jua likiupiga usoni, maana kila kitu kinakuwa cheupe. Husomeka jua likipita kando yake, kila jiwe lililotokeza likatupa kivuli. Mombasa jua hufika kilele mnamo saa sita na dakika ishirini mchana, si saa sita kamili. Upande wa bahari unatazama mashariki, basi asubuhi unawaka. Vivuli vyake huanza kuonekana kuanzia saa tano. Upande wa bara ni kinyume: ukiuendea kabla ya saa sita uko kivulini wote, saa saba ndipo mchongo unajitokeza. Kuanzia Mei hadi Agosti jua la mchana liko kaskazini yetu, linazipitia kuta zinazotazama kaskazini. Novemba hadi Januari liko kusini, basi zile za kusini ndizo zinazopata zamu.

Kuhusu bahari: siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku za maji mafu saa hubadilika na bahari haiondoki sana. Chagueni Jumamosi iliyo karibu na bamvua, saa nne mtauona mguu wa mwamba upande wa bahari, pamoja na ukuta mpya uliowekwa kuzuia mawimbi yaliyokuwa yakila mwamba chini ya ngome. Waambie wazi kwamba huo ni wa karne hii. Kila mwaka kuna anayeupiga picha akidhani ni wa Wareno.

BintiKuze
Mmeanza na mawe, vizuri. Lakini langoni kuna jiwe lenye maandishi, na hilo ndilo ningewakalisha wanafunzi mbele yake muda mrefu kuliko kitu chochote.

Ni maandishi ya Kireno ya 1639, ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Anasema aliishika ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, akaijenga upya. Kisha anaorodhesha: watu wa pwani aliowarudisha chini ya mfalme wake, watawala aliowatoza kodi, Pate na Sio aliowabomolea kuta za miji yao, Wamusungulo aliowaadhibu, Pemba alikowaua wakuu wa mji. Mwishoni anaeleza vyeo na malipo aliyopewa kwa kazi hiyo. Yaani ripoti ya mateso ya watu imechongwa juu ya mlango, kila anayeingia apite chini yake.

Lililokosekana ni jina. Anamtaja "mfalme dhalimu" aliyeasi, hamtaji kwa jina. Ni Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mvita. Baba yake aliuawa 1614 kwa njama za Wareno. Kijana akapelekwa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaurudia Uislamu na jina lake. Wareno walileta meli kutoka Goa wakashindwa kumtoa. 1632 aliondoka mwenyewe. Cabreira "anaijenga upya" ngome kwa sababu hiyo. Jiwe lile halieleweki bila mtu ambaye halikumtaja.

Mwalimu, wape swali moja: nani analipa, nani analipwa, nani hatajwi?

Kibokoni_07
Bi Kuze, hao Wamusungulo ni akina nani?

BintiKuze
Ni watu wa bara ya Mombasa, wa upande wa jamii tunazoziita leo Wamijikenda. Wareno hawakuwa na nguvu nje ya kisiwa. Chakula kilitoka bara, kwa hiyo walilazimika kuwapa Wamusungulo vitambaa ili amani ikae. Hilo halikuchongwa langoni.

MzingaWaChuma
Mizinga. Watoto wataikimbilia hiyo kabla ya kitu kingine, kwa hiyo afadhali itumike.

Kwanza, mizinga miwili ya chuma cha kisasa iliyo nje haina uhusiano na Wareno wala Waomani. Ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ulitoka meli ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Mwingine ni wa meli ya Kijerumani Königsberg, ileile iliyoizamisha Pegasus, ambayo baadaye ilimalizwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi, wakaiburura vitani nchi kavu. Mdomo wa ule wa Kijerumani ni sentimita 10.5, wa Kiingereza ni inchi 4, yaani zaidi ya sentimita 10 kidogo. Kwa macho hutautofautisha, pima.

Kwa mizinga ya zamani ya kujazia mdomoni, tazameni vitu vitatu. Alama ya mfalme juu ya mgongo wake: taji na herufi zilizosukwa ni za Kiingereza. Pili, vishikizo viwili vya pembeni, mara nyingi vina herufi au namba za kiwandani. Tatu, na hapa panapendeza kwa hesabu, namba tatu zilizotengwa nyuma karibu na tundu la kuwashia. Kwenye mizinga ya Kiingereza huo ni uzito: ya kwanza zidisha kwa ratili 112, ya pili kwa 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Tuseme imeandikwa 9-2-14. Ni 1008 na 56 na 14, jumla ratili 1078, karibu kilo 489. Zaidi ya hapo, mzinga wa chuma ulioachwa kwenye hewa ya chumvi hubambuka tabaka kwa tabaka. Namba zikisomeka kwa shida, pigeni picha jua likiwa chini. Msikwangue kutu.

MwalimuKisauni
Hii ni zaidi ya nilivyotarajia, ahsanteni sana. Maswali mawili. Ndani ya ua tutazame nini? Na tukikuta vigae vya vyungu au vya sahani za Kichina chini, wanafunzi waviokote kwa ajili ya darasa?

NdiaKuu
La pili kwanza: wasiokote hata kimoja. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakataza kuchimba au kuondoa vitu vya kale bila kibali, na sababu yake ina maana. Kigae kikiwa mahali pake kinasema tabaka lile ni la lini. Kikiwa mfukoni ni kigae tu. Piga picha na kipimo kando yake, rula ya sentimita 20 inatosha, moja ya karibu na moja inayoonyesha mahali, kisha mjulishe mhifadhi. Ndani ukumbini kuna mifano iliyochimbuliwa kihalali: kauri ya Kichina ya buluu na nyeupe, mitungi mikubwa ya kahawia ya Martaban, vyombo vya Kireno vilivyopakwa rangi nyeupe, vyungu vya hapa hapa. Na vitu vya meli Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani walipokuwa wameizingira, ikachunguzwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980.

Kuzingirwa kule kulianza Machi 1696, kukaisha Desemba 1698. Karibu miezi thelathini na tatu. Waliofia ndani hawakuwa Wareno peke yao. Waswahili wa Faza walikuwemo wakipigana upande wao. Mlieleze hilo bila kuruka.

Sasa ua. Misingi ya kanisa iko wazi, na kisima kirefu cha Wamazrui nacho kipo. Lakini tazameni pia kisichokuwepo. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ilikuwa gereza la Waingereza. Ilipotangazwa hifadhi mwaka 1958, fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, pauni elfu thelathini, ziligharimia ukarabati, na mwanaakiolojia James Kirkman akachimba hadi 1969. Majengo ya gereza yalibomolewa ili kufikia tabaka za chini. Ndiyo maana ua uko wazi hivi. Tabaka la Mwingereza, lililo karibu nasi kuliko yote, ndilo lililoondolewa, na wanafunzi wengi hutoka pale hawajui kwamba wafungwa walikaa humo miaka zaidi ya sitini.

BintiKuze
Na neno lenyewe "gereza" mliandike ubaoni. Asili yake ni neno la Kireno la kanisa, igreja. Kilwa Kisiwani ngome ile inaitwa Gereza hadi leo. Neno likaanza na nyumba ya sala, likaishia kwenye kufungwa. Pamoja nalo waandike meza, leso, karata, bendera, mvinyo. Hayo nayo ni mabaki.

MwashiWaChokaa
Mkitoka ngomeni piteni Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale, mwendo wa dakika kumi hivi. Somo la hapo ni boriti. Mti wa mkoko uliokatwa kwa paa huwezi kuutegemea zaidi ya mita 2.5 hadi 2.8, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu. Ukiona chumba kipana kuliko hapo bila nguzo katikati, tafuta mbao za kuletwa au pao la chuma: hiyo ni nyumba ya zama za reli, baada ya 1896, au imekarabatiwa wakati huo. Roshani za mbao zenye nakshi nyingi mnazoziona barabarani ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kazi nyingi zina mkono wa mafundi wa Kihindi. Wengi huziita za Wareno. Si zao. Mapito yenyewe ni membamba na watu wanaishi humo, kwa hiyo makundi ya watoto kumi kumi, na nyumba ya mtu isipigwe picha mlangoni bila hodi.

PwaNaJaa
Leven House iko njia hiyo. Jina ni la meli ya kapteni Owen, aliyefika 1824. Wamazrui walitaka kinga ya Uingereza dhidi ya Sayyid Said, mtawala wa Oman, wakapandisha bendera ya Uingereza wao wenyewe hata kabla Owen hajafika. Owen akawapa kinga hiyo, serikali yake ikaikataa na bendera ikateremshwa 1826. Kando yake kuna ngazi zinazoteremka majini, na kisima cha maji matamu mabaharia walikojaza mapipa. Ngazi huteleza wakati wa kupwa, zina mwani. Washuke watano watano, viatu vyenye meno.

Kibokoni_07
Je, Kengeleni? Naona mmeishia kisiwani.

NdiaKuu
Umesema kweli. Mkiwa na basi, vukeni daraja la Nyali. Frere Town ilianzishwa 1875 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya waliokombolewa utumwani, na mnara wa kengele ndio ulioipa Kengeleni jina. Kengele ilipigwa kuwaonya wakaazi, watu wakihofia kurudishwa utumwani. Uko barabarani, magari ni mengi, simameni upande wa mnara. Dakika ishirini zinatosha.

MwalimuKisauni
Basi ratiba: saa mbili tufike lango linapofunguliwa, saa nne upande wa bahari maji yakiwa yamepwa, saa tano ua na mizinga, saa sita na nusu handaki, kisha Ndia Kuu, mwisho Kengeleni. Nimekosea wapi?

PwaNaJaa
Handaki saa saba, si sita na nusu. Hiyo nusu saa waikae kivulini langoni, wanakili maandishi ya Cabreira herufi kwa herufi. Maji ya kunywa lita moja kila mtoto, kofia, na droni msije nayo bila kibali.

BintiKuze
Na ramani ya pwani tupu, ya kujazwa. Cabreira anaandika Sio, waweke Siyu. Anaandika Mandra, waweke Manda, kando ya Lamu. Pate na Pemba zimebaki vilevile. Luziwa, mji mwingine ulio kwenye orodha yake, waitafute kati ya Mpeketoni na bahari, kusini ya Lamu. Mji wenyewe haupo tena.